Fumbo la Gede na Fumbo la Tarakimu

Akili ni kama panga: isiponolewa hushika kutu. Wazee wa pwani walilijua jambo hili, wakawanoa watoto wao kwa vitendawili usiku na kwa bao la kete barazani. Siku hizi limeongezeka fumbo jingine ambalo magazeti mengi hulichapisha, nalo huitwa sudoku. Jina lake ni la Kijapani, lakini fumbo lenyewe lilitungwa Marekani na Howard Garns, msanifu majengo aliyekuwa amestaafu, likachapishwa mara ya kwanza mwaka 1979. Wajapani walilipokea mwaka 1984 wakalipa jina. Gazeti la The Times la London lilianza kulichapisha mwezi wa Novemba 2004, na tangu hapo likaenea duniani kote.

Yamkini wewe, msomaji, umepata kuliona. Uwanja wake ni mraba wenye vyumba 81, yaani mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama. Uwanja huo umegawanywa tena katika miraba midogo 9, kila mmoja wenye vyumba 9. Tarakimu chache zimekwisha andikwa. Zilizosalia wapaswa kuzijaza wewe, ili kila tarakimu tangu 1 hata 9 ipatikane mara moja tu katika kila mstari na katika kila mraba mdogo. Mwaka 2012 wataalamu wa hesabu wa Dublin, wakiongozwa na Gary McGuire, walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kuanza na tarakimu pungufu ya 17.

Pengine utauliza fumbo hili lina uhusiano gani na historia. Uhusiano wake ni mkubwa. Mtu apewaye tarakimu 17 akatakiwa azitafute 64 zilizobaki yu katika hali ile ile ya mtu apewaye kuta zilizobomoka, kaburi moja na vigae vya vyungu, akatakiwa aeleze habari za mji uliokufa. Wote wawili wamepewa kidogo nao watafuta kingi. Wote wawili hushawishika kukisia, na wote wawili huharibikiwa wakikisia. Katika insha hii nataka kukuonyesha jinsi fumbo gumu linavyofumbuliwa, na mfano wangu utakuwa mji wa Gede, ulio katika nchi ya Kilifi, yapata kilomita 16 kusini ya Malindi.

Gede haukujengwa ufukweni kama ilivyojengwa miji mingine ya pwani. Umejificha ndani, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, si mbali na Mida na Watamu. Humo yamo magofu ya Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe, visima, makaburi na kuta mbili zilizouzunguka mji, moja ya nje na moja ya ndani. Miti mikubwa imeota juu ya kuta hizo na mizizi yake imeyakumbatia mawe. Wenyeji wa jirani walipaheshimu kuwa ni mahali pa mizimu. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, alipatembelea mwaka 1884. Mwaka 1948 pakafanywa hifadhi ya taifa, na Mwingereza James Kirkman akawekwa kuwa mlinzi wake. Naye alichimba hapo kwa muda wa miaka kumi, hata mwaka 1958.

Kanuni ya kwanza ya mfumbuaji ni kushika lililo yakini kabla ya kugusa lolote lingine. Katika sudoku yakini ni tarakimu zilizochapishwa, hizo hazifutiki. Katika Gede zipi zilizochapishwa? Ya kwanza ni kaburi lililo karibu na Msikiti Mkuu, ambalo maandishi yake ya Kiarabu yametaja mwaka wa 802 wa Hijria, ulioanza mwaka 1399. Kaburi hilo ni hazina kubwa kuliko dhahabu kwa mwanahistoria, kwa sababu halituambii habari za mtu mmoja tu. Kigae kilichokutwa chini ya msingi wake, ambao haukupata kuvurugwa, hakika kilitupwa hapo kabla ya kaburi kujengwa. Kwa hiyo mwaka mmoja uliochongwa katika jiwe umetoa umri kwa vitu vingi ambavyo havina maandishi yoyote.

Yakini ya pili ni vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka China. Mafundi wa China walibadili mitindo yao zama kwa zama: vyombo vyenye rangi ya kijani vilitangulia kuenea, na vile vyeupe vyenye nakshi za buluu vikaja kwa wingi baadaye, hasa katika zama za wafalme wa Ming, waliotawala tangu 1368 hata 1644. Ajuaye mitindo hiyo, akiona kigae kimoja chini ya sakafu, aweza kusema kwamba sakafu hiyo haikutangulia kigae. Angalia vizuri, msomaji: hakusema sakafu ilijengwa lini. Amesema tu miaka ambayo haikuweza kujengwa. Huo ndio msingi wa ufumbuaji wote. Fundi wa sudoku haulizi kwanza, "Humu mna tarakimu gani?" Huuliza, "Humu hamwezi kuwamo tarakimu gani?" Akizifuta zisizowezekana nane, ya tisa hujitokeza yenyewe.

Kanuni ya pili ni kutumia kalamu ya risasi. Fumbo likiwa jepesi, macho peke yake yatosha. Likiwa gumu, wapaswa kuandika katika kila chumba kitupu, kwa herufi ndogo na nyepesi, tarakimu zote ambazo bado zinawezekana. Kazi hii yachosha, na wavivu huiruka. Lakini mtu asiyeandika yote yanayowezekana hatajua lini limebaki moja. Kisha kila chumba hukaguliwa kwa njia zote: kwa mstari wake wa kulala, kwa mstari wake wa kusimama na kwa mraba wake mdogo.

Tuchukue swali moja la Gede tulitie katika kanuni hiyo. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na Wareno wakawa na makao yao Malindi katika karne iliyofuata. Walakini habari zao hazitaji Gede, mji mkubwa uliokuwa mwendo wa saa chache tu kutoka mlangoni mwao. Kwa nini? Andika kwa kalamu ya risasi majibu yanayowezekana. Huenda mji ulikuwa umekwisha kufa. Huenda ulikuwa kijiji kisicho na maana. Huenda waliujua kwa jina jingine. Huenda hawakufika, kwa kuwa haukuwa bandarini.

Sasa tufute. Katika magofu vimepatikana vyombo vya China vya karne ya 16; mfu hanunui sahani, basi jibu la kwanza limefutika. Zaidi ya hayo, Kirkman alizichimba nyumba nyingi akazipa majina kwa vitu alivyovikuta humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mji wenye vitu kutoka China, Bara Hindi na Ulaya haukuwa kijiji kisicho na maana. Jibu la pili nalo limefutika. Yamebaki mawili, la jina na la umbali. Kuhusu jina, inaaminiwa kwamba "Gede" ni neno la Waoromo lenye maana ya kitu cha thamani, na wako wataalamu waliodhani kwamba mji huo zamani uliitwa Kilimani.

Yabakipo mawili, wengi hukata tamaa. Fundi hufurahi, kwa maana ameifikia kanuni ya tatu, ambayo twaweza kuiita kanuni ya mapacha. Tuseme katika mstari mmoja viko vyumba viwili, na katika kila kimoja zimebaki 2 na 7 tu. Hujui 2 itakaa kipi na 7 kipi. Lakini lipo jambo unalolijua kwa yakini: tarakimu hizo zimejifungia katika vyumba hivyo viwili, na kwa hiyo zafutwa katika vyumba vingine vyote vya mstari ule. Ujinga wako juu ya jambo dogo umekupa ujuzi juu ya jambo kubwa. Ndivyo ilivyo kwa Gede. Hatuna haja ya kujua kama kilichouficha mji ni jina au ni umbali. Ikiwa hili au lile au yote mawili, imethibitika kwamba kimya cha Wareno si ushahidi juu ya uhai wala ukubwa wa mji wowote. Na jambo hilo lafaa kukumbukwa kila mara tusomapo vitabu vya wageni: mji usioandikwa haukosi kuwa mji.

Kanuni ya nne ni ngumu zaidi, maana yakutaka uache kukitazama chumba kilichokushinda, utazame mbali. Tafuta mistari miwili ya kulala ambayo katika kila mmoja tarakimu fulani, tuseme 5, imebakiwa na vyumba viwili tu. Ikiwa vyumba hivyo vinne vimeangukia mistari miwili ile ile ya kusimama, vimekuwa pembe nne za mstatili. Tarakimu 5 itakaa katika pembe mbili zinazotazamana kwa hanamu, ama hizi ama zile. Vyovyote iwavyo, kila mmoja wa mistari ile miwili ya kusimama umepata 5 yake hapo, na 5 nyingine yoyote katika mistari hiyo yafutwa, hata ikiwa iko upande wa pili wa uwanja. Mtu aliyekodolea macho chumba kimoja hawezi kuliona jambo hili kamwe.

Swali la Gede linaloitaka kanuni hii ni lile linaloulizwa na kila mgeni: kwa nini mji ulihamwa? Majibu ni mengi. Kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kwenda chini, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Jeshi la Wazimba lilitoka kusini, likaiangamiza Kilwa mwaka 1587, likaingia Mombasa mwaka 1589, kisha likaja kuvunjwa mbele ya Malindi na Wasegeju. Na njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi hupita nchi ya Gede. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao. Kisha Waoromo wakateremka kutoka kaskazini.

Ukiitazama Gede peke yake, utachagua jibu likupendezalo. Basi iache Gede, utazame mistari mingine. Nenda Mnarani, juu ya mwamba wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi. Mji huo nao ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, zama zile zile za Gede. Msiba ulioshika miji miwili kwa wakati mmoja hauelezeki kwa kisima cha mji mmoja peke yake. Maji yalichangia, huenda, kutosha, hayatoshi. Tena nenda Jumba la Mtwana, upande wa Mtwapa, utakuta mji ulioachwa katika karne ya 15. Huo ni mstari mwingine. Usiuchanganye na ule wa Gede, ingawa magofu yote yanafanana machoni.

Sasa itazame Mombasa. Wareno waliiteka na kuichoma mwaka 1505, wakairudia mwaka 1528, na Wazimba wakaingia mwaka 1589. Lakini Mombasa ilisimama tena kila mara. Basi shambulio la siku moja laweza kueleza kwa nini watu walikimbia, lakini halielezi kwa nini hawakurudi. Asiyerudi nyumbani kwake amezuiwa na jambo la kudumu. Kwa hiyo katika orodha yetu huinuka yale yenye kudumu: njia zisizo na amani baada ya Waoromo kufika, na biashara na utawala kuhamia Mombasa baada ya 1593. Chumba hicho hakijaandikwa kwa wino hata leo, wala wataalamu hawajakubaliana. Lakini tazama, msomaji, jinsi tulivyotoka katika majibu mengi yaliyo sawa tukafikia machache yenye uzito, pasipo kukisia hata mara moja.

Kanuni ya tano ni ya mwisho, na ni ya hatari. Hutumika wakati njia nyingine zote zimefungwa. Chagua chumba chenye tarakimu mbili, chukua moja useme, "Na iwe hii," kisha ifuate hatua kwa hatua. Ukifika mahali ambapo tarakimu moja yatakiwa kukaa mara mbili katika mstari mmoja, umegundua kwamba dhana yako ilikuwa ya uongo, nawe waifuta kwa faida. Hatari yake ni hii: mwenye haraka husahau kwamba alisema "na iwe," akadhani alisema "ndivyo ilivyo." Huandika dhana kwa wino, akaendelea kujenga juu yake, na kosa lake halionekani mpaka uwanja umejaa.

Hilo ndilo lililotokea katika swali kubwa kuliko yote ya pwani yetu: ni nani waliojenga miji hii? Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita Gede, katika anwani yake, mji wa Waarabu. Tusimdharau Kirkman, alikuwa mchimbaji mwangalifu, na bila kazi yake tusingekuwa na la kusema. Lakini neno hilo halikuwa la Kirkman peke yake. Lilikuwa dhana ya zama zake, iliyoandikwa kwa wino: kwamba mawe na misikiti haviwezi kutoka mikononi mwa Waafrika. Watoto wa pwani walifundishwa dhana hiyo shuleni, wakawa wageni katika magofu ya babu zao.

Tuifuate dhana hiyo hadi mwisho wake. Kama wageni walikuja na mji wao mzima, basi matabaka ya chini kabisa yangekuwa na nyumba za mawe na vyombo vya kigeni. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo ya miti na udongo, iliyoanza karne ya 8, ikikuzwa na kujengwa upya mahali pale pale hata ikawa ya mawe. Mji ulikua kama mti ukuavyo, kutoka katika udongo wake. Kule Gede vigae vya vyungu vya kienyeji vyazidi sana vile vya kigeni, na nyumba za mawe zilikuwa katikati tu, huku watu wengi wakikaa katika nyumba za udongo. Na lugha ya miji hii ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, iliyokopa maneno ya Kiarabu bila kuacha mifupa yake. Dhana imegongana na ukweli mara tatu. Yafutwa.

Lakini usikimbilie dhana iliyo kinyume, kwamba hakuna mtu aliyevuka bahari akaoa na kuzaa hapa. Nayo ifuate. Mwaka 2023 wataalamu, miongoni mwao Mkenya Chapurukha Kusimba, walitangaza matokeo ya kuchunguza nasaba katika mifupa ya watu 80 walioishi baina ya 1250 na 1800, wengine wao wa Mtwapa, katika nchi hii hii ya Kilifi. Ilionekana kwamba katika wengi wa watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya nasaba ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama. Na sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, ambayo kabla ya 1500 ilikuwa hasa ya Uajemi, kwa upande wa akina baba. Machanganyiko hayo yalianza yapata mwaka 1000. Dhana ya pili nayo imegongana. Jibu linalopatana na mistari yote ni kwamba Gede ulikuwa mji wa Waswahili, watu wa Afrika waliopokea wageni wakawafanya jamaa, wakajenga kwa mawe ya matumbawe ya pwani yao na kula katika sahani za China.

Iko tofauti moja baina ya mafumbo haya mawili, nami sina budi kuitaja. Mtungaji wa sudoku amehakikisha kwamba jibu lipo, tena ni moja, na kesho atalichapisha gazetini. Gede haina mtungaji wa kukuhakikishia lolote. Viko vyumba ambavyo huenda vikabaki vitupu daima, kwa kuwa karatasi ziliungua, au kwa kuwa hakuna aliyeandika. Kuviacha vitupu si aibu. Aibu ni kuvijaza kwa matakwa yako, ama kwa kiburi ama kwa chuki, kisha ukawafundisha watoto kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2024 Gede uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ukipata nafasi, nenda ukautembee kutoka ukuta wa nje hata Msikiti Mkuu, uchungulie kisima kilichochimbwa mara ya pili, uisome tarehe ya kaburi. Chukua daftari na kalamu ya risasi. Andika kwanza unayoyaona, kisha yanayowezekana, kisha ufute yasiyowezekana mmoja mmoja. Tena usione haya kufuta. Hesabu ya mwenye kufuta husonga mbele; ya mwenye kukisia kwa wino hurudi nyuma, na mara nyingi huirudisha nyuma pamoja naye nchi nzima.